Msigawane kabla wote hamjaona orodha moja

Dada, pole sana kwa msiba. Nimesoma maelezo yako yote: baba amefariki, mama alishatangulia, mko wanne, kaka yenu mkubwa anaishi kwenye nyumba ya wazee na makaratasi yote anayo yeye. Wawili wanataka nyumba iuzwe, na wewe uliyemuuguza baba unaambiwa usijifanye mwenye mali. Unauliza umfikishe kaka mahakamani au unyamaze ili undugu usivunjike. Nakujibu kwa yale yaliyotupata sisi alipofariki mama yetu, maana tulifika mahali watu wa tumbo moja hatusalimiani.

Kwa sasa acheni kabisa kujadili nani achukue nini. Kwetu kelele zote za mwanzo zilitokana na kila mtu kuwa na hesabu yake kichwani. Kaka aliamini akaunti ya mama ilikuwa na pesa nyingi na dada kazificha. Dada alijua zimeishia kwenye dawa, lakini hakuna aliyemuuliza, naye aliona akianza kueleza bila kuulizwa ataonekana anajitetea. Kitinda mimba wetu alikuwa na ahadi ya mdomo kuhusu kiwanja. Tuligombania mali ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua yote.

Aliyetutuliza ni mama mdogo, kwa sababu hakuwa na fungu lolote la kurithi pale. Alikaa mezani na daftari kubwa akachora safu 4: kitu chenyewe, karatasi yake iko wapi, kimeandikwa jina la nani, na kinadaiwa nini. Tukapita chumba kwa chumba. Kiwanja kiliandikwa, ila kwenye safu ya pili akaweka alama ya kuuliza kwa kuwa hati haikuonekana. Waliokopeshwa na mama waliandikwa, na aliodaiwa nao pia. Chini ya kila ukurasa tuliweka sahihi, kisha kila mmoja akapewa nakala. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba hata undugu hupotea. Siku ile sauti zilishuka zenyewe, kwa sababu hakukuwa tena na cha kubahatisha.

Baada ya orodha, madeni. Hapa watu wengi hukosea, wanagawana kwanza halafu mdai anabisha hodi. Iwe mnafuata sheria za nchi au mirathi ya Kiislamu, urithi ni kile kinachobaki baada ya kulipa gharama za mazishi na madeni ya marehemu. Kwa Waislamu kuna na wosia pia, ambao hauzidi theluthi moja ya kilichobaki, ndipo yaje mafungu yaliyotajwa katika Sura An-Nisaa. Na angalieni mafao na bima: mara nyingi zile pesa humfuata mtu ambaye marehemu alimwandikisha jina, kwa hiyo msizihesabu kabla ya kuuliza.

Sasa suala lako la kuuguza, ambalo naona ndilo linalokuuma zaidi, na una haki ya kuumia. Sheria kwa kawaida haimwongezei mtoto fungu kwa kuwa tu alimuuguza mzazi. Ndiyo maana ni lazima lisemwe mezani, tena mapema, badala ya kulifumbia macho mpaka ligeuke uchungu. Sisi tulilitenga mara mbili. Pesa alizotoa dada mfukoni mwake, zenye risiti au zinazojulikana, tulikubaliana zirudishwe kabla ya mgao. Ule muda wake, usiku aliokesha akimgeuza mama kitandani, hakuna bei inayoutosha, na hatukujaribu kuupangia. Ila kila mmoja wetu alikata kidogo kwenye fungu lake akampa kwa hiari, na kaka alisema mbele ya wote kwamba bila yeye mama angeteseka. Nakuhakikishia maneno yale yalimliza dada kuliko pesa. Kama nduguzo hawajawahi kukuambia ahsante, mwombe mzee anayeheshimika alianzishe hilo kikaoni.

Kuhusu nyumba, kuuza au kubaki, tafuteni mthamini asiyemjua yeyote kati yenu. Wakiwa wawili ni bora, mchukue wastani. Kisha hesabu inakuwa wazi. Tuseme nyumba ina thamani ya 120 na deni la 20: inabaki 100, na kama mnagawana sawa kila mmoja ana 25. Kaka akitaka kubaki nayo, anabeba deni na kuwalipa ninyi watatu 25 kila mmoja. Hana zote kwa mkupuo? Alipe kwa awamu, lakini hati isihamie jina lake mpaka awamu ya mwisho, na mapatano yaandikwe mbele ya wakili. Akishindwa, iuzwe. Msimtoe kwa matusi, ila asikae humo miaka kwa jina la kulinda nyumba ya wazee huku wengine wakisubiri.

Vitu vidogo msividharau. Kwetu ugomvi mkali kabisa ulikuwa wa cherehani la mama, bovu. Tulipiga kura ya nani aanze kuchagua, kila mtu kitu kimoja kimoja, na mzunguko wa pili ukaanzia kwa aliyekuwa wa mwisho. Wake na waume zetu walikaa nje ya kikao hicho. Naliona hili kuwa la lazima, maana shemeji hana kumbukumbu ya utotoni ya kumzuia ulimi. Na kundi la WhatsApp libaki la salamu na taarifa. Maamuzi yafanyike mkiwa mnaonana uso kwa uso.

Sasa mahakamani. Kumwomba kaka makaratasi si kumshtaki. Mwandikie barua ya heshima, mtake alete nakala za hati na hesabu kwenye kikao chenye tarehe, na mzee mmoja apate nakala ya barua. Kama ameshateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, mwelewe kwamba usimamizi si umiliki: anatunza kwa niaba ya warithi wote, na mahakama inaweza kumtaka atoe hesabu au kumwondoa. Akikataa tarehe hiyo, usingoje nyingine. Muda wa kuweka pingamizi huwa na kikomo, kwa hiyo muone wakili wa mirathi ukiwa na nakala ya barua yako na orodha ya kila unachokijua wewe mwenyewe. Anza kuiandika leo, hata kama nusu ya safu zitabaki na alama za kuuliza.