Muulize Fundi: Trela la dola 84,900, ni bei halali au tunapigwa?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni nesi, niko Aurora, Colorado, mwaka wa 11 sasa. Mume wangu kapatwa na ugonjwa wa kemping, akitoka kazini ni YouTube tu mpaka usiku. Jumamosi iliyopita tukaenda kwa dila kuangalia trela la kulala, yale wanayoita ya ofurodi, matairi makubwa, rangi nyeusi isiyong'aa, jiko unalivuta linatokea nje, ndani kuna bafu na vitanda vya watoto, betri za lithiamu ampea-saa 200, sola wati 400 na eisii juu. Bei iliyobandikwa 112,000, wanatuachia kwa 84,900 ila ofa inaisha mwisho wa mwezi. Tutoe 10%, iliyobaki mkopo wa miaka 15, riba 8.5%. Gari letu ni Toyota Tacoma. Nilipiga picha stika za trela na ya mlango wa gari kama ulivyowahi kushauri, nimekutumia. Mume anasema ni kitu cha maisha, mimi naiwaza nyumba yetu Moshi haijapigwa hata plasta. Bei ni halali? Na mtu kama mimi nisiyejua magari naangaliaje kama trela lina thamani?
Mama wa Wawili, Aurora

JIBU: Marahaba dada, na pole na mzee wa YouTube, huo ugonjwa naujua, mimi mwenyewe uliniingia nikiwa na akili zangu timamu.

Nianze na hiyo 112,000. Isahau. Bei ya kubandikwa kwenye matrela ya huku ipo ili ikatwe, kupunguziwa 20% au hata 30% ni jambo la kawaida kabisa, kwa hiyo hamjapewa zawadi yoyote, mmepewa bei ya watu. Na "ofa inaisha mwisho wa mwezi" inamaanisha seilzimeni ana hesabu zake za mwisho wa mwezi. Tarehe mbili ukirudi trela utalikuta limesimama palepale.

Halafu hilo neno ofurodi. Hakuna sheria Marekani inayosema trela liwe na nini ndipo liitwe ofurodi. Kampuni ikinyanyua trela la kawaida inchi tatu, ikalivisha matairi yenye meno na kulipaka nyeusi, tayari ni ofurodi na bei imepanda. Omba karatasi ya waranti uisome kabla hujaingia ndani kuona godoro, maana kuna waranti nyingine zinakataa kabisa uharibifu wa barabara mbovu, sasa hapo jiulize mwenyewe, ofurodi ya wapi hiyo.

Ukitaka kujua thamani ya trela la aina hii lala chini yake. Sitanii. Nenda na tochi, na kipande cha boksi cha kulalia, nguo za kazini. Mimi kabla ya kuja huku niliendesha watalii Arusha miaka tisa, na kama umewahi kupita Naabi kwenda Seronera kule Serengeti unaijua ile barabara, imejikunja kama bati, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Kinachoua gari pale siyo shimo, ni ule mtetemo. Shimo unaliona unapunguza mwendo, mtetemo unafungua nati moja moja kwa saa tatu bila wewe kujua. Trela nalo ni vilevile, tena afadhali gari maana halina makabati. Utah na Nevada zimejaa barabara za namna hiyo.

Ukiwa chini angalia ekseli. Kama kuna bomba moja nene limetoka gurudumu hadi gurudumu na springi za vyuma bapa vilivyopangana kama za lori, hiyo ni ya zamani, ni ngumu, inarusha, ila kila fundi anaijua na spea zipo kila mahali. Kuna ekseli za raba, mpira uko ndani ya bomba, mpira huo hautaki grisi na trela linatulia barabarani, lakini ule mpira ukichoka hakuna kutengeneza, unanunua ekseli nzima. Na kuna zile ambazo kila gurudumu lina mkono wake, koili yake na shokapu yake, kama Cruisemaster ya Australia, hizo ndizo zinazostahili pesa ya juu kwa sababu gurudumu moja likiingia shimoni la pili halijui. Waaustralia wamejifunzia kwenye Gibb River Road, kilomita 660, nyingi za vumbi na kokoto, wakikuuzia kitu kinaitwa ofurodi mara nyingi kimeshapata kipigo. Kwa dola 84,900 mimi sikubali chochote pungufu ya hicho, kama chini kuna springi za lori basi unalipia rangi.

Halafu pitisha mkono kwenye mabomba ya maji na nyaya. Yamebanwa kila baada ya shubiri mbili hivi, au yananing'inia kama utumbo? Waya unaopita kwenye tundu la chuma bila raba ya kuukinga utakatika, swali ni lini tu. Angalia walipochomelea, hasa pale mkono wa mbele unapokutana na fremu, ufa huwa unaanzia hapo, mdogo, mwembamba kama unywele, na kutu inakuwa imechora kamstari ka kahawia. Na hesabu nati za gurudumu. Tacoma yenu ina nati sita kwa nafasi ya inchi 5.5, trela likiwa na mpango huohuo tairi la akiba la gari linaingia kwenye trela na la trela kwenye gari. Aliyewaza hivyo kiwandani ni mtu aliyewahi kukwama porini.

Ndani usiangalie taa za rangirangi. Vuta droo moja uitoe yote, geuza nyuma. Ukikuta pini za steplo na mbao ya unga ule uliogandishwa, mtetemo wa siku mbili unatosha. Uliza ukuta umejengwa na nini. Kuna wenye fremu ya mbao na bati jepesi, kuna wa tabaka zilizogundishwa, na kuna wa faiba iliyomiminwa kama mtumbwi, mfano Oliver wa Tennessee ambao wana maganda mawili ya faiba. Adui wa matrela yote ni maji, na kadiri viungo vinavyopungua ndivyo maji yanavyokosa mlango.

Hapo kwenye maji nina kidonda changu. Trela langu la kwanza nilinunua mtumba, dola 23,000, linang'aa hilo, ndani linanukia kama gari jipya. Muuzaji jina simtaji. Sikuinua godoro. Baada ya baridi moja ukuta wa kona ukavimba kama tumbo la mtoto mwenye minyoo, kuinua godoro nakuta plaiwudi ina doa jeusi pembeni kahawia, kama chai iliyomwagika juu ya gazeti, nikabonyeza na kidole kikazama mpaka kwenye kucha. Kile kiharufu cha gari jipya ilikuwa marashi bana. Niliuza 9,000 na nilimwambia ukweli aliyenunua. Siku hizi natembea na kamita ka unyevu, ka dola 30 au 40 hivi, nakachomeka kila kona, chini ya madirisha na pale sakafu inapokutana na mlango.

Sasa picha zako, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu dada. Stika ya trela inasema uzito wa juu kabisa pauni 7,000, na likiwa tupu 5,900. Yaani mna pauni 1,100 za kuweka kila kitu chenu. Tangi la maji ni galoni 50, galoni moja ni pauni 8.34, maji peke yake 417. Gesi mitungi miwili 40. Bado vyombo, nguo, baiskeli za watoto, makaa, vyakula. Mtajaza haraka sana.

Halafu Tacoma. Kwa mlivyoinunua inavuta kama pauni 6,400. Trela likijaa ni 7,000. Imeshakataa hapo. Lakini hata lingekuwa jepesi kidogo kuna kitu watu wengi hawakioni, uzito unaokaa juu ya hichi, pale gari na trela zinaposhikana, unatakiwa uwe 10% hadi 15% ya trela, ukipungua trela linaanza kucheza mkia barabarani na ukiona hivyo kwenye barabara kuu ya I-70 unashuka milima utatubu dhambi zote. Chukua 12% ya 7,000 ni 840. Stika ya mlango wenu inasema gari libebe 1,120, watu na mizigo pamoja. Toa 840 mnabaki na 280. Wewe na mzee peke yenu mmeshaimaliza, watoto hawajapanda, na ile kuleri ya nyama sijui itakaa wapi. Kwa hiyo bei halisi ya hilo trela ni 84,900 pamoja na gari jipya kubwa zaidi. Seilzimeni alijua. Aliiona Tacoma yenu pakingi.

Umeme nao naupitia haraka. Ampea-saa 200 za lithiamu ni kama wati-saa 2,560. Eisii ya kawaida ya matrela inakula wati 1,400 hivi, kwa hiyo ni saa moja na nusu na ushee halafu giza, waliposema "mnaweza kuwasha eisii bila jenereta" hawakusema kwa muda gani. Kwa taa, friji na kuchaji simu inatosha vizuri. Ila uliza kama betri zina hita, lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya sifuri sentigredi na nyie mko Colorado.

Mkopo sasa. Mkitoa 8,490 mnakopa 76,410, ni kama dola 752 kila mwezi kwa miaka 15, mwisho mmelipa zaidi ya 135,000 mkopo peke yake. Trela jipya linaanguka bei tangu linatoka getini, mkopo wa miaka 15 unashuka polepole mno, kwa hiyo miaka mingi mtakuwa mnadaiwa kuliko trela linavyouzika. Hebu fanyeni hesabu ya usiku mmoja. Tuseme mnaliuza baada ya miaka mitano kwa 45,000, na nimekuwa mkarimu, mmepoteza 40,000 bila riba, bila bima, bila pakingi ya kulitunza. Nesi na mtu wa shifti mtapata siku ngapi, 20 kwa mwaka? Siku 100 kwa miaka mitano, dola 400 usiku mmoja, na mnajitandikia wenyewe. Lakini mkiwa ni watu wa siku 80 kwa mwaka, mnaingia kwenye zile ardhi za serikali za BLM ambazo mtu anakaa mpaka siku 14 bila kulipa, hesabu inageuka kabisa na nisingekuzuia.

Kwa hiyo jibu langu: bei ya soko ni halali, kwenu haifai. Msiligombee. Kodini kwanza trela dogo la chini ya pauni 3,500 mwezi Septemba, wiki nzima, mkiwa na watoto, mvua inyeshe. Mzee akirudi bado anataka, tafuteni la ofurodi la mkono wa pili la miaka mitatu minne, uangalie bei kwenye J.D. Power, wale wanaotoa makadirio ya bei za mtumba, umlipe mkaguzi wa kujitegemea mwenye cheti cha NRVIA, chama cha wakaguzi wa matrela, siyo rafiki wa dila. Ya mwaka 2021 yachunguzeni mara mbili, mwaka ule wa korona viwanda vilitoa zaidi ya matrela na magari ya kulala 600,000, mwaka 2023 yakashuka mpaka 313,000 hivi, na kazi ya haraka unaijua. Matairi yasome ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, ukikuta 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama meno yote yapo hayo ni ya kutupa. Na mwambie shemeji asinichukie.

SWALI: Fundi mambo, nina kampuni ndogo ya safari hapa Arusha. Matrela ya Marekani naona mtumba bei poa. Kwa nini nisiyalete kwenye kontena?
Kijana wa Njiro

JIBU: Poa mdogo wangu. Kwanza pima, kontena ndani ni mita 2.35 kwa upana, na matrela mengi ya huku yamepita hapo, ukiyalazimisha utalipia meli ya magari. Pili mlango, Marekani wanaendesha kulia kwa hiyo mlango wa trela uko kulia, ukipaki kando ya barabara kwetu mgeni anashukia katikati ya malori. Tatu umeme wao ni volti 120, eisii, microwave na chaja vyote utabadilisha. Angalia ya Afrika Kusini, mlango upo upande wetu, umeme ni kama wetu, na unalivuta mwenyewe mpaka Tunduma. Ukifika pale shika beringi za magurudumu kwa mkono, zikikuunguza zipake grisi kabla hujaanza kupanda kwenda Mbeya.