Jibu: Daktari wa Japani aliyetabiri kupatwa kwa jua

Mkuu, umeuliza kama kweli daktari mmoja wa Japani aliwapiku wanajimu wa serikali. Ni kweli. Anaitwa Asada Goryu, alizaliwa mwaka 1734 huko Kitsuki, kisiwa cha Kyushu, kwa jina la Ayabe Yasuaki. Baba yake alikuwa msomi wa mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, lakini tiba na elimu ya nyota kijana alijisomea mwenyewe.

Mwaka 1763 jua lilipatwa. Kalenda rasmi, kazi ya wanajimu wa serikali, haikuwa imelitabiri. Yeye alikuwa ameshaipiga hesabu mapema. Hapo ndipo jina lake lilipovuma.

Baadaye akafanywa tabibu wa mtawala wa Kitsuki, kazi iliyomnyima muda wa kutazama anga. Mwaka 1772 akatoroka. Fikiria, wakati ule kumtoroka bwana wako lilikuwa kosa zito! Akajificha Osaka, akabadili jina, akawa anatibu wagonjwa apate riziki huku akifundisha hesabu za nyota.

Serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ilipomwita mwaka 1795 kurekebisha kalenda, hakwenda. Aliwapendekeza wanafunzi wake, Takahashi Yoshitoki na Hazama Shigetomi, huyu wa pili akiwa tajiri mwenye duka la rehani. Kalenda mpya ikaanza kutumika mwaka 1798, na Asada akafariki mwaka uliofuata. Mimi hapo ndipo ninapompenda zaidi: heshima ile aliwaachia vijana wake.

Takahashi naye ndiye aliyemfundisha Ino Tadataka, mpimaji wa ramani maarufu ya Japani.