access() kisha open(): tundu liko wapi?

Muulizaji ana programu ya setuid, yaani hata ikiitwa na mtumiaji wa kawaida inaendeshwa kwa mamlaka ya mmiliki wake, hapa root (msimamizi mwenye ruhusa zote). Inauliza kwa access() kama mtumiaji ana ruhusa ya kusoma faili, ikijibiwa ndiyo inafungua kwa open(). Ameambiwa ni tundu, naye anashangaa nani atawahi kupenya hapo katikati.

Mshambuliaji anawahi, tena bila taabu. access() na open() zote hupokea jina, na kila moja humfanya kerneli (kiini cha mfumo) alifuate jina hilo upya, saraka baada ya saraka. Mshambuliaji anaweka ripoti.txt, faili lake halali, kwenye saraka yake mwenyewe. Ukishauliza tu, jina lilelile linageuka kiungo (symlink) kinachoelekea /etc/shadow, faili la siri la nywila. open() inakagua ruhusa za root, basi inafungua.

Usidhani anabahatisha. Tangu Linux 3.15 kuna renameat2() yenye RENAME_EXCHANGE: majina mawili yanabadilishana nafasi kwa mkupuo mmoja. Anaizungusha kwenye kitanzi huku akiita programu yako mara elfu kadhaa. Akifaulu mara moja inamtosha. Akitaka kukuchelewesha, anakupa njia ndefu ya saraka ndani ya saraka ambazo hazimo kwenye kache, kerneli ahangaike na diski. Ndiyo maana ushauri wa "kagua mara nyingi zaidi" haufai. Ulishavunjwa hadharani mwaka 2005.

Futa access() kabisa. Ita seteuid(getuid()) ili ushuke kwenye mamlaka ya mtumiaji, kagua jibu lake (ikishindwa nawe ukaendelea, bado ni root), halafu open() na O_NOFOLLOW (kataa kiungo) pamoja na O_NONBLOCK (usisubiri). Hiyo ya pili wengi huisahau: mtu akikuwekea FIFO (bomba linalosubiri mtu wa upande wa pili), programu inaganda hapo hapo. Baada ya kufungua, fstat() kwenye namba ya faili uliyopewa na open(), si stat() kwenye jina, uhakikishe ni faili la kawaida. Vivyo hivyo ukibadili mmiliki: fchown() badala ya chown().

O_NOFOLLOW hulinda kipande cha mwisho cha njia tu. Kiungo kikiwa katikati, inapita. Kama hutaki viungo popote, tumia openat2() na RESOLVE_NO_SYMLINKS, Linux 5.6 kwenda juu.

Na anayesema mpangilio wa kerneli fs.protected_symlinks=1 unatosha: unahusu saraka zilizo wazi kwa wote zenye sticky bit (alama inayozuia mtu kufuta faili la mwenzake), kama /tmp. Saraka ya mshambuliaji mwenyewe haimo.