Barua kwa mwanangu: miaka yako ya jukwaani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama miaka sita uliyoigiza imepotea bure, kwa kuwa sasa moyo wako umeelekea kwenye kutunga tamthilia na wenzako wamekutangulia. Nimelifikiria swali lako siku kadhaa, na kila mara nimerudi kwa mwandishi wa tamthilia Mwingereza, Harold Pinter.

Pinter, mtoto wa fundi cherehani wa Kiyahudi, alizaliwa mwaka 1930 huko Hackney, mashariki mwa London. Ujanani alizunguka Ireland na kikundi cha mwigizaji Anew McMaster, kisha kwa miaka kadhaa akaigiza mikoani Uingereza kwa jina la David Baron, katika vikundi ambavyo mwigizaji hukariri mchezo wa wiki ijayo huku usiku akiigiza wa wiki hii. Naamini ni katika kazi hiyo ya kuchosha alikojua kimya kinafanya nini mbele ya hadhira. Tamthilia zake zimejaa vituo alivyoviandika kwa makusudi kati ya maneno ya wahusika, na ukivisoma unatambua kwamba aliyeviweka amewahi kusimama jukwaani akasikia watu wakizuia pumzi.

Alitunga tamthilia yake ya kwanza mwaka 1957, kwa ombi la rafiki yake. Mwaka uliofuata tamthilia yake The Birthday Party ilipofika London, wahakiki waliiponda, ikaondolewa baada ya maonyesho 8 tu. Sifa za mhakiki mmoja aliyeipenda, Harold Hobson, zilichapishwa Jumapili, mchezo ukiwa umekwisha kufungwa. Wakati huo Pinter alikuwa na mke na mtoto mchanga. Hapo, mwanangu, ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa sababu aliendelea kuandika, na mwaka 1960 The Caretaker ikamfungulia njia, ikaonyeshwa mara 444.

Wala hakuuacha uigizaji. Katika The Caretaker hiyohiyo aliwahi kuigiza kwa muda nafasi ya mhusika Mick, na mwaka 2006, akiwa ameshapewa Tuzo ya Nobel na afya yake imedhoofika, aliigiza peke yake katika ukumbi wa Royal Court akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Kwa hiyo nafasi uliyopewa katika mchezo wa mwezi ujao usiikatae. Ukija nyumbani, njoo na rasimu yako. Nitakusomea kwa sauti, nawe usikilize ni wapi wahusika wako wanapaswa kunyamaza.

Akupendaye,
Baba yako