Acheni Kuvichungulia Vijiti

Leo asubuhi nimemkuta kijana wetu mpya amechuchumaa kitaluni mbele ya viriba vya bogenvilia. Anang'oa kijiti, anakichungulia chini, anakirudisha, anahamia kingine. Namuuliza unafanya nini, ananijibu kwa adabu zote: "Naangalia kama vimeshika mizizi, mwalimu." Nilikwenda kunywa maji kwanza. Huyu ni wa nne mwaka huu, kwa hiyo wadogo zangu, kaeni chini niwaeleze bogenvilia inavyooteshwa kwa vijiti vya matawi.

1. Tawi liwe limekomaa nusu, si teke la kijani wala gogo la kizee. Unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, likatwe asubuhi. Chini kata mshazari karibu na jicho (pale jani linapochipukia), juu kata bapa. Wengi mnadhani huo mshazari ni mapambo. Ni alama, usije ukapanda kichwa chini miguu juu! Homoni inayoamsha mizizi hushuka ndani ya tawi kutoka nchani kwenda shinani, na ukikipindua kijiti yenyewe haijali, inaendelea kuelekea shina lake la zamani ambalo sasa liko hewani. Nimewahi kuona mstari mzima umepinduliwa hivyo, na aliyepanda analalamikia mchanga.

2. Majani ya chini ondoa, ya juu yakiwa makubwa kata nusu. Maua toa yote hata kama roho inauma. (Na hayo mnayoyaita maua ya bogenvilia ni majani yaliyovaa rangi. Ua lenyewe ni hako kadogo keupe katikati.)

3. Subira. Hapa niacheni niseme ya kwangu.

Mwaka wangu wa kwanza nilichomeka vijiti 80. Wiki ya tatu vikachipua vyote, majani mabichi yanameta, nami nikatembea kitaluni kifua mbele kama niliyeigundua bogenvilia. Mzee aliyenifundisha akapita, akatazama, akasema, "Viache." Basi, akaenda zake. Nikajiambia mzee ana wivu. Nilikuwa nimeshamwahidi mteja, na mteja alikuwa ameshachimba mashimo. Siku mzee hayupo nikavihamisha vyote, tena kwa bidii: natoa kwenye kiriba, nakung'uta mchanga wote, napanda kwenye chungu, nashindilia kwa vidole gumba, nakiweka juani kipate nguvu.

Siku ya tatu majani yalilegea. Nikamwaga maji. Siku ya tano yakalala kabisa. Nikamwaga zaidi. Nilipong'oa kimoja nikakuta chini kauvimbe keupe ka kovu la mkato, na mizizi hakuna. Vichache vilikuwa na nyuzi mbili tatu, nazo nilizikata mwenyewe nilipokuwa nakung'uta, maana mizizi michanga ya bogenvilia inakatika kwa kuguswa tu. Yale majani yaliyonipa kichwa yalikuwa yanakula akiba iliyomo ndani ya kijiti. Vilibaki hai sita. Mteja nilimweleza mwenyewe, mbele ya mashimo yake. Mzee hakunigombeza, alinipa mkasi na kunionyesha mti mama, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo hesabuni wiki sita hadi kumi na mbili, kutegemea joto. Vuteni kidogo kwa vidole viwili mara moja tu, mwishoni: kikigoma, kimeshika. Au tazameni matundu ya kiriba, mizizi itajitokeza yenyewe. Siku ya kuhamisha, pasueni kiriba na donge liingie zima kama lilivyo.

4. Maji: mchanga uwe na unyevu, usiwe tope. Kijiti kinapumua chini pia, kikikosa hewa kinaoza. Funika kwa plastiki, weka kivulini penye mwanga. Mbolea hapana, bado hakuna mdomo wa kuila.

5. Homoni ya unga, ile ya dukani ya kuamsha mizizi tunayochovya kijiti kabla ya kukichomeka, mimineni kidogo kwenye kifuniko. Atakayechovya kijiti kibichi ndani ya kopo nitamjua, kopo litaganda.

6. Andikeni rangi kwenye kiriba siku hiyohiyo. Msiniambie mtakumbuka.

Yule kijana nimempa viriba kumi awe navyo peke yake. Kila kijiti nimekichora mstari mwembamba wa rangi usawa wa mchanga. Hajui.