Kukusanya Mbegu za Mturituri Uwandani: Ushauri kwa Wanaoanza

Mwanafunzi anayeanza kukusanya mimea katika uwanda wa mawe, iwe Makunduchi na Jambiani kwa Unguja au Micheweni kwa Pemba, huvutiwa kwanza na mbegu za mturituri, nyekundu zenye doa jeusi. Ushauri wangu ni kwamba ajifunze jani kabla ya mbegu, kwa kuwa mbegu zina msimu wake. Jani hilo lina vijani vidogo vilivyopangika viwili viwili pande zote za uti, pasipo kimoja cha peke yake nchani.

Usijaribu kuung'oa. Mmea huu wa jamii ya kunde huishi miaka mingi, mizizi yake ikiwa imejikita kwenye nyufa za mawe, na hata konde ikifyekwa na kutiwa moto huchipua tena. Anayeulazimisha huambulia kipande cha mzizi na vidole vilivyochubuka. Kata tawi lenye majani, maua na maganda, kisha andika papo hapo kama lilitoka kwenye jiwe tupu au kwenye shimo lenye udongo, maana ukishafika maabara tawi lenyewe halitakueleza.

Katika kuchuma mbegu hakuna haja ya pupa. Ganda likikauka hupasuka na kujikunja, lakini mbegu hubaki zimeng'ang'ania ndani yake. Zitie katika bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na kwa joto la kisiwani ukungu hauchelewi.

Jambo la kushika zaidi ni sumu, inayoitwa abrini. Mbegu nzima ikimezwa mara nyingi hupita tumboni bila kuvunjika kwa ugumu wa gamba lake, ingawa aliyeimeza apelekwe hospitali vilevile. Iliyotafunwa, kusagwa au kutobolewa inaweza kuua. Kwa sababu hiyo siafiki kabisa kuzitoboa ili kutunga shanga, japokuwa zinapendeza.

Gamba hilohilo huzuia maji, hivyo mbegu isiyokwaruzwa huweza kukaa udongoni muda mrefu bila kuota. Vaa glovu na barakoa, uisugue kwenye msasa uliolowa ili vumbi lisiruke, upande usio na doa jeusi, kwa kuwa kitovu cha mbegu, yaani pale iliposhikana na ganda, kimo ndani ya doa hilo. Iloweke usiku kucha: iliyovimba ipandwe, isiyovimba irudishwe msasani. Maji ya kulowekea yamwagwe mbali na watoto na kuku, na msasa huo usitumike kwa kazi nyingine.