Mafundi Wanajibu: Honda ya zamani iliyozama mafurikoni

SWALI: Wahariri, salaam. Marehemu baba alituachia pikipiki ya Honda CG125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ile ya platini (vidole vya kukata umeme ili plagi itoe cheche) na umeme wa volti 6. Rufiji ilipofurika mwaka 2024 ilizama mpaka juu ya taa. Maji yalipopungua tuliiosha kwa nje, tukaifunika turubai, na haijaguswa tangu hapo. Sasa kiki imekaza kabisa. Inafufuka nyumbani, au niiuze skrepa? *Msomaji, Utete*

JIBU: Usiiuze. CG125 ni injini inayosamehe: silinda moja ya sentimita za ujazo 124, valvu zinasukumwa na fimbo, wala haina cheni ya taimingi ya kuozea ndani. Isitoshe, pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria mitaani zimejengwa juu ya injini hiyohiyo, kwa hiyo pistoni ya milimita 56.5, ringi, gasketi na sahani za kluchi zinapatikana kwenye maduka ya kawaida ya vipuri. Kazi ngumu zaidi itakuwa kwenye umeme.

Ila acha kuikanyaga kiki. Kama kuna maji juu ya pistoni, hayabanwi kama hewa, na kitakachopinda ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, yaani shafti inayozungushwa na injini. Kama maji yameisha, tope limebaki, nalo lina mchanga laini unaochora ukuta wa silinda na kupenya kwenye bearingi kila krenki inapozunguka.

Injini hizi haziharibiki sana zikiwa chini ya maji, huko hewa ni kidogo. Balaa huanza maji yakishuka: unyevu umebaki, hewa imeingia, na kutu huonekana ndani ya saa chache. Ndiyo maana mtu anayeokoa pikipiki na hana nafasi ya kuifungua siku hiyo humwaga oili yote na maji yake, kisha huijaza injini dizeli tele, mpaka kwenye tundu la plagi, hewa isipate pa kukaa. Ikijazwa hivyo inaweza kusubiri wiki kadhaa. Yako haikupata bahati hiyo, basi tuanze na ilivyo.

Fungua bolti ya kumwagia oili chini ya injini. Maji hutangulia kutoka kwa kuwa ni mazito kuliko oili, yakifuatwa na uji wa rangi ya chai ya maziwa. Ng'oa plagi kwa spana ya plagi ya milimita 18, ila kabla ya kuinyanyua puliza tope lililojaa kuizunguka, lisidondoke ndani. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, nusu kwa nusu, mpaka silinda ijae. Iache siku tatu au nne ukiongeza kila inaposhuka. Ikishuka haraka ni habari njema, maana yake inapita kwenye ringi.

Wakati unasubiri, fungua kava la kushoto upate nati ya sumaku, gurudumu la kuzalisha umeme lililofungwa kwenye ncha ya krenki. Nati hiyo itakuambia kilichokaza ni nini. Weka gia huru, tia spana, jaribu kuutikisa mzunguko mbele na nyuma kwa nguvu ya mkono tu. Krenki ikizunguka huku kiki imegoma, tatizo ni ekseli na springi ya kiki, na pistoni haina kosa. Ikigoma kabisa, ringi zimeshikana na silinda. Toa hedi, kausha, mwaga mchanganyiko mwingine juu ya pistoni, kisha uigonge taratibu kwa kipande cha mti laini kinachokaribia upana wake. Usitumie chuma, na usirefushe mkono wa spana kwa bomba: utakata nati kabla pistoni haijasogea.

Pistoni ikitoka, pitisha ukucha ndani ya silinda. Madoa meusi usiyoyasikia kwa ukucha husafishwa kwa msasa namba 400 wenye oili, ukisugua kwa mshazari. Ukucha ukinasa kwenye shimo, peleka bloku kwa fundi wa mashine aichonge, na ununue pistoni ya saizi ya juu yake. Zipo za kuongezeka kwa robo milimita, kuanzia 0.25 hadi 1.00. Nunua pistoni kwanza, ndipo achonge kwa kuipima hiyo. Ringi moja moja itie kwenye silinda peke yake na upime pengo la ncha zake kwa fila, vile vibapa vyembamba vya kupimia: likizidi nusu milimita, haifai. Valvu zijaribu kwa petroli. Geuza hedi, jaza matundu ya kuingizia na kutolea moshi, na petroli ikivuja ndani ya dakika moja, zisage kwa dawa ya kusagia valvu.

Kava la kulia ndilo watu wengi hulisahau, na hilo ndilo huwarudisha kwa fundi baada ya mwezi. Nyuma yake kuna kluchi, kichujio cha wavu, na kikombe cha kuchuja oili kilichofungwa kwenye ncha ya krenki. Kikombe hicho huchuja kwa kuzunguka: uchafu hurushwa pembeni ukaganda. Baada ya mafuriko kinaweza kuwa kimejaa udongo mgumu kama tofali, na kukwangua bila kukifungua ni kujidanganya. Sahani za kluchi zenye nyuzi hunyonya maji na gundi yake huachia. Weka mpya, na uziloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzifunga, la sivyo zitaungua siku ya kwanza. Kisha shika konrodi, ivute juu na chini. Ikicheza upande huo hata kidogo, au krenki ikizunguka kwa kukwaruza, pasua injini, yaani ifungue yote, ubadili bearingi. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida.

Sumaku itolewe kwa pula yake (kifaa cha kuivutia nje), kamwe usiigonge. Koili zioshe kwa maji safi, zipulize, zianike juani siku mbili, ndipo uzipime kwa mita. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachofanya kazi pamoja na platini, badili bila kuuliza. Ni ya bei ndogo na ikishaingia maji hukufanya ulaumu kila kitu kingine. Platini zisugue kwa msasa laini, zifute kwa karatasi safi, zipime pengo la milimita 0.3 hadi 0.4. Plagi iwe 0.6 hadi 0.7.

Kwenye nyaya, fungua taa ya mbele. Soketi nyingi za Honda hii zimekusanyika humo, na tope pia. Maji hupanda ndani ya ganda la waya, kwa hiyo waya mzuri kwa nje unaweza kuwa kijani ndani kwa urefu wa kidole au zaidi. Kata mpaka ukute shaba inayong'aa. Waya wa kijani kwenye Honda ndio wa bodi: usafishe unapofungwa kwenye fremu mpaka chuma kiwe cheupe, kwani nusu ya matatizo ya umeme huishia hapo. Na usishawishike kuweka balbu za volti 12 kwa sababu ndizo zilizopo dukani. Zitawaka kama mshumaa uliochoka na utadhani koili imekufa.

Kabureta ipasue yote. Jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, zipulizwe kwa upepo au zipitishwe uzi wa mshipi wa kuvulia, si waya, maana waya hupanua tundu na pikipiki itakunywa mafuta mpaka ikuchoshe. Bearingi za magurudumu zing'oe zote hata kama zinazunguka vizuri. Soma namba iliyochapwa pembeni, kisha omba dukani namba hiyo yenye 2RS, yaani iliyofunikwa mpira pande zote. Breki shuu za zamani zikilowa, lainingi hubanduka ghafla; usizirudishe.

Ukifunga injini, pima valvu ikiwa baridi: milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa sawasawa. Tia oili mpya kama lita 0.9, au 1.1 kama uliipasua yote. Plagi ikiwa nje, kanyaga kiki mara thelathini hivi ili oili ipande juu, ndipo uwashe. Iache taratibu dakika tano, zima, mwaga oili ikiwa ya moto. Oili hiyo ya kwanza iwe ya bei rahisi, kazi yake ni kusafisha. Badilisha tena baada ya kilomita 50, na uendelee hivyo mpaka itoke bila weupe.

SWALI: Tangi la Honda yangu ya zamani limejaa kutu ndani baada ya mafuriko. Jirani ananiambia niweke maji ya betri yaoze kutu yote. Mwingine anasema magadi na chaja. Nimfuate yupi? *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Wa magadi. Maji ya betri yanakula kutu na yanakula tangi, na matangi ya zamani chini ni membamba tayari.

Toa bomba la mafuta, osha tangi kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara kadhaa mpaka harufu ya petroli iishe kabisa. Hatua hii usiiruke, mvuke wa petroli na cheche ni msiba. Ziba matundu, jaza maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha magadi soda kwa kila lita. Ning'iniza fimbo ya chuma cha kawaida katikati kupitia mdomoni, umeikinga kwa mpira isiguse tangi. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye tangi, chanya kwenye fimbo. Ukizigeuza, tangi ndilo litakaloliwa. Fanya uwanjani, mbali na moto na sigara, kwa sababu mapovu yanayotoka ni haidrojeni. Fimbo isiwe ya chuma kisichoshika kutu, hutoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Na usitie humo kabureta wala kava la injini: magadi hutafuna aluminiamu.

Kama huna chaja, asidi ya sitriki ya unga, ile wanayotumia watengenezaji wa juisi, inatosha: gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya vuguvugu, usiku mmoja, na nati chache ndani za kutikisia. Suuza kwa maji ya magadi ili kuua asidi, kisha maji matupu, kisha papo hapo dizeli yenye oili kidogo ukilizungusha. Ukilianika likauke peke yake, ndani ya nusu saa litageuka rangi ya chungwa tena.

SWALI: Yangu ni Yamaha DT125 ya tustroki. Utaratibu ni huohuo? *Msomaji, Kilosa*

JIBU: Si wote. Kwenye tustroki, injini ya mapigo mawili inayochoma oili pamoja na petroli, maji hukaa chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki, ambako oili ya giaboksi haifiki. Kubadili oili ya gia hakusaidii kitu hapo. Toa kabureta na plagi, ilaze pikipiki kichwa chini maji yatoke, kisha mimina oili ya tustroki kupitia njia ya kabureta na uzungushe kwa mkono. Bearingi za krenki zikishapata kutu, sili zake huchakaa upesi, injini ikavuta hewa ya pembeni na pistoni ikaungua. Tangi la oili na pampu yake vimwage vyote, na utoe hewa kwenye pampu. Tangi la kwanza la petroli lichanganye pia oili kwa mkono, sehemu moja kwa ishirini na tano, mpaka uhakikishe pampu inasukuma. Itatoa moshi mwingi, uvumilie.

SWALI: Ikimezwa na maji ya bahari wakati wa bamvua? *Msomaji, Pangani*

JIBU: Una saa, huna siku. Maji matamu mengi, ndani na nje, tena na tena, kabla ya dizeli yoyote, kwa sababu dizeli haiyeyushi chumvi. Bolti za chuma zilizo ndani ya aluminiamu zitagoma. Zipashe moto kiasi, tia mafuta ya kulainisha, usubiri, uzitikise mbele na nyuma badala ya kuzilazimisha. Na kabla hujapiga msasa fremu yoyote, iliyozama mtoni au baharini, nakili na upige picha namba ya chasisi na ya injini. Kutu na grainda vimefuta namba nyingi, na pikipiki isiyo na namba haina kadi.